Kiu ya Moyo, Deni la Jirani

Katika Delta ya Rufiji maji hayana sura moja. Yapo ya mto, yanayoteremka kutoka bara na tope lake, yakafurika bondeni, na yakishuka huacha udongo ambao Warufiji huupanda mazao ya mlau. Yapo ya bahari, yanayopanda na bamvua hadi ndani ya mikoko. Hayo yakiufikia mpunga huuunguza. Vijiji vya deltani kama Mbwera, Salale na Kiongoroni vimezingirwa na maji, na bado mtu wa huko huweza kulazimika kupiga kasia kutafuta ya kunywa. Kwa hiyo iko tamthili katika Ihyau Ulumid-Din ya Imamu Ghazali ambayo msikilizaji wa Kibiti huielewa kabla haijakwisha: anayeiandama dunia ni kama anayekunywa maji ya bahari, kadiri anavyokunywa ndivyo kiu inavyomzidi, mpaka imuue. Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mjini Tus, Uajemi, mwaka 1111, anayanasibisha maneno hayo na Nabii Isa.

Tazama hapo. Imamu wa Kiislamu anafundisha habari za moyo kwa ulimi wa Isa. Naye Isa huyo, katika Injili ya Yohana, ameketi kando ya kisima cha Yakobo akimweleza mwanamke Msamaria juu ya maji ambayo mwenye kuyanywa haoni kiu tena. Na huku huku Rufiji, mwaka 1904, mtu wa Ngarambe aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alizama mtoni akiwa amepagawa na Hongo, roho ya mtoni, akaibuka, kwa masimulizi ya wazee, akiwa mkavu. Tangu hapo akaanza kuwagawia watu maji mengine kabisa, ya kuwakinga na risasi.

Mapokeo haya matatu huwekwa mbalimbali: la kwanza madrasa, la pili kanisani, la tatu katika vitabu vya historia ya vita. Mimi nataka yakae pamoja, kwa sababu yote yanauliza swali moja: mtu ana kiu ya nini, na kwa nini anakunywa kinachomwua? Hata hivyo naona tunayasoma nusu. Tunapenda sana habari za kiu na utulivu, moyo uliohangaika ukampata Mungu ukatua. Tunairuka sehemu inayohusu aliyeumizwa wakati moyo huo ulipokuwa ukihangaika.

Nianze na Augustino, maana ndiye aliyeufundisha Ukristo wa Magharibi kuusema moyo. Alikuwa Mwafrika wa Kaskazini, mzaliwa wa Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria, mwaka 354. Katika Maungamo yake, aliyoyaandika akiwa tayari askofu wa Hippo, anasimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita yeye na wenzake walikwenda usiku wakautikisa mti wa matunda wa jirani, wakabeba mzigo mkubwa, mengi wakawatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa. Kwao alikuwa na matunda mazuri kuliko hayo. Jambo hilo dogo la watoto linamsumbua mtu mzima kwa kurasa nyingi, kuliko hata mambo yake ya zinaa. Anajiuliza alichokipenda ni nini hasa, na jibu linamtisha: alipenda kukosa kwenyewe. Moyo ulioumbwa kumwelekea Muumba ulikuwa umejaribu kuwa huru kama Yeye, ukaishia kuiba vitu usivyovitaka. Kisha anaongeza neno ambalo nitalirudia: peke yake asingefanya. Walikuwa kundi, na aibu ya wakati ule ilikuwa kuonekana una haya.

Ghazali hakuiba matunda. Kosa lake lilivaa kilemba. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamia cha Baghdad, mamia wakimsikiliza, watawala wakimheshimu. Akaichunguza nia yake akaona kwamba hafundishi kwa ajili ya Mungu. Anafundisha kwa ajili ya jaha na sifa. Alisitasita kwa miezi, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka siku moja ulimi ukafungwa. Hakuweza kufundisha, na chakula hakikushuka. Akaiacha Baghdad. Augustino naye, mwaka 386 huko Milano, alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema aliyeanza kuugua kifua hata sauti ikawa taabu, na mwaka huo huo akaacha kazi na kumrudia Mungu. Walimu wawili wa maneno, mmoja Mkristo wa Afrika, mwingine Mwislamu wa Uajemi, wamepishana karne saba, na kila mmoja sauti yake ilimkatikia alipokuwa bado anaitumia kujitukuza. Sijui ulinganifu wowote katika maandishi ya dini unaonigusa kuliko huu.

Lakini hawaugui ugonjwa mmoja. Kwa Ghazali, katika kitabu cha ishirini na moja cha Ihya kinachoeleza maajabu ya moyo, moyo ni kioo. Mtoto huzaliwa katika fitra, kioo safi. Kila dhambi huweka alama, alama zikirundikana kioo hushika kutu, na dhikri na toba ndizo zinazokisugua. Kwa Augustino, mkono unaotakiwa kusugua nao ni mgonjwa. Mtu anataka na hataki kwa wakati mmoja. Nia imepasuka tangu Adamu, na bila neema hata hamu ya kupona haipo. Tofauti hii si ya wasomi tu. Mtoto wa Kibiti anayekwenda chuoni alasiri anafundishwa kwamba alianza safi na anapaswa kujilinda. Mtoto wa parokia anabatizwa kwa sababu hakuanza safi. Namwelewa Augustino kila ninapoona mtu mwema akirudia lile lile analolilia. Lakini Ghazali ananipa kitu ambacho Augustino wa Maungamo hanipi.

Kitu hicho ni mwenye mti. Soma kisa chote cha wizi ule, uchambuzi wote wa moyo, na utafute jirani aliyeamka asubuhi akakuta mti wake umepukutishwa. Hayupo. Hana jina, haombwi radhi, halipwi. Augustino analia mbele ya Mungu, wasomaji wa karne kumi na sita wanalia naye, na mkulima wa Thagaste anabaki na matawi yake. Kwa Ghazali kisa hicho kisingeweza kwisha hivyo. Katika kitabu chake cha toba, majuto ni sehemu tu. Dhambi anazigawa: zilizo baina ya mja na Mola wake, na zile zenye haki za waja ndani yake. Za kwanza mlango ni mpana. Za pili hazifutiki kwa machozi. Mali irudishwe kwa mwenyewe. Akiwa hajulikani alipo, itolewe sadaka kwa ajili yake. Aliyesengenywa aombwe radhi.

Kwa haki ya Augustino niseme kwamba baadaye aliliona pengo hilo. Katika barua yake ya 153 kwa Makedonio, afisa wa Dola ya Roma aliyesimamia Afrika, anashikilia kwamba mtu anayeweza kurudisha alichochukua na harudishi, toba yake ni ya kuigiza na dhambi haiondolewi. Kanisa lilijenga sheria zake za malipo juu ya barua hiyo. Lakini Wakristo wengi wanayajua Maungamo, na barua haijulikani, na nadhani hilo limetudhuru. Tumejifunza kulia vizuri kuliko kulipa.

Hapa ndipo maji ya Ngarambe yanapoingia, na naomba msomaji wa Kiislamu au wa Kikristo asiyaondoe mezani kwa neno ushirikina. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikusanya kumbukumbu za wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita ya Maji Maji. Kutokana nazo tunajua kwamba maji hayakutolewa bure. Yalikuwa na miiko. Aliyeyapokea asipore, asilale na mwanamke wakati wa vita. Tunajua pia kwamba Kinjikitile alijenga Ngarambe nyumba kubwa iliyoitwa ya Mungu, kwamba watu walikwenda huko kukutana na wafu wao, na kwamba aliwaunganisha Wamatumbi, Wakichi na Wapogoro kwa kuwaambia kuwa wote ni watu wa Seyyid Said, akilitumia jina la sultani wa pwani katika ujumbe wa roho ya mtoni. Rufiji haijawahi kuweka dini zake katika vyumba vilivyofungwa.

Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa. Risasi hazikugeuka maji. Vita iliendelea mpaka 1907, mashamba na maghala yakachomwa, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, huanzia 75,000 hadi 300,000. Waliobaki wakieleza kwa nini kinga ilishindwa, wengine walisema miiko ilivunjwa. Ni rahisi kusema huo ulikuwa udhuru. Mimi naona ndani yake fundisho juu ya dhambi ambalo Augustino na Ghazali hawakulifikia: kwamba kosa la mmoja hutoboa kinga ya wote. Kijana akipora nyumba moja kijijini, anakufa ndugu yake kwenye mstari wa mbele. Moyo, katika mapokeo haya, si chumba cha faragha cha mtu na Mungu wake. Ni ukuta wa kijiji, na tofali langu liko katikati ya matofali ya wengine.

Fundisho hilo lina sumu yake pia. Ukilishika bila tahadhari, maiti ndiye anayelaumiwa: amekufa, basi alikosa. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya vita kwisha, ilizagaa katika pwani ya kusini, Lindi hasa, barua iliyodai kutoka Makka, ikiwataka watu watubu kwa kuwa mwisho u karibu. Serikali ya Kijerumani iliiogopa kama uchochezi. Wanahistoria wengi wameisoma kama siasa au kama alama ya kuenea kwa tarika. Nami naisoma kama sauti ya watu waliofiwa wanaoambiwa, au wanaojiambia, kwamba msiba una chanzo ndani ya mioyo yao. Kwamba watu walirudi kwa Mungu baada ya maangamizi yale, nalipokea kwa heshima. Lakini nani alimwambia atubu akida aliyewatembezea watu bakora katika mashamba ya pamba, au afisa aliyeamuru chakula kichomwe? Aprili 2024 mafuriko yalipoifunika Mohoro na Chumbi na mashamba ya Kibiti, watu walibishana juu ya mvua na juu ya bwawa la Nyerere. Mhubiri anayesimama mbele ya mkulima aliyepoteza mpunga wote na kumwambia ni dhambi zake, amechukua sehemu mbaya ya fundisho la miiko akaiacha nzuri. Maana sehemu nzuri inauliza kosa la kila mtu, hata la mwenye mamlaka.

Sasa Kibiti. Ilikuwa wilaya changa sana, iliyomegwa kutoka Rufiji, wakati mauaji yalipoanza kushika kasi. Hadi kufikia katikati ya mwaka 2017 zaidi ya watu thelathini walikuwa wameuawa katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama, askari. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa pamoja. Watu walilala porini, wengine wakahama; uongozi wa kijiji, ambao zamani uligombewa, ukawa kitu cha kukimbia. Ulinzi ulipoongezwa, baadhi ya watu walitoweka na familia zao hazikupata jibu. Novemba 2017 mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa ameandika juu ya mauaji hayo, alitoweka, na hajaonekana tena.

Siandiki haya kutafuta aliyeua. Nayaandika kwa sababu ndiyo mahali ambapo mazungumzo yetu juu ya moyo kupumzika kwa Mungu lazima yajaribiwe. Baadhi ya waliofanya vitendo vile yamkini wanaishi. Huenda wengine wamechoka. Mtu wa namna hiyo akisikia redioni kwamba moyo haupati raha mpaka umrudie Mungu, ataamini, kwa kuwa anajua raha hana. Swali ni atakwenda wapi.

Ghazali ana jibu ambalo nililisoma mara ya kwanza nikalifunga jalada. Kuhusu zinaa na ulevi na mengine ya siri, anasema mtu ajisitiri, asijitangaze, atubu baina yake na Mola wake. Lakini kuhusu damu anageuka kabisa. Aliyeua kwa kukusudia, na hakuna anayemjua, haruhusiwi kujificha. Aende kwa warithi wa aliyemwua, ajitambulishe kwao, ajiweke mikononi mwao: wamsamehe au wadai kisasi kinachotolewa na sheria. Bila hivyo toba yake haijatimia, hata akeshe kwa dhikri. Hakuna anayesimama katikati. Katika Uislamu wa Ghazali hakuna sanduku la maungamo ambamo damu inaweza kusemwa na kubaki humo. Mwenye kusikia ungamo la muuaji ni mjane.

Mapokeo ya Kikatoliki yanakwenda njia nyingine. Padri anayesikia kitubio amefungwa na siri isiyovunjwa kwa sababu yoyote. Anaweza kumwagiza mtu alipe, amhimize ajitoe, hata acheleweshe ondoleo, kumtaja hawezi. Yapo ya kutetea: mtu ambaye asingethubutu kusogea mlango mwingine wowote anapata mmoja ulio wazi, na huenda ndio unaomwongoza kwenye ule wa pili. Nakiri uzito wa hoja hiyo. Lakini mjane wa Kibiti hayumo chumbani humo, wala hayumo mke wa aliyetoweka, na huyo ndiye asiyejua kama aanze eda ya miezi minne na siku kumi au aendelee kupika chakula cha watu wawili. Hawezi kugawa mirathi ya mtu asiyejulikana kama ni marehemu. Kutojua kwake ni dhuluma inayotendeka upya kila asubuhi, na kila anayejua na kunyamaza anaitenda.

Neno la Augustino kuhusu kundi linarudi hapa kwa nguvu. Peke yake asingefanya. Mauaji ya Kibiti hayakuwa ya mtu mmoja. Kulikuwa na wenye pikipiki, wenye kuleta habari, wenye kuficha, wenye kuona na kuogopa. Ndiyo maana nahitaji mapokeo yote matatu. Augustino ananieleza jinsi mtu anavyovutwa na wenzake hadi apende ambalo asingelipenda. Wazee wa miiko wananieleza kwamba kosa hilo limetoboa ukuta wa wote, hata wa wasiokuwapo. Ghazali ananipa anwani: nyumba gani, mlango gani.

Ushahidi kwamba moyo uliotulia kwa Mungu unaweza pia kumfikia jirani upo Rufiji yenyewe, tena si mbali na Utete. Kindwitwi ni kijiji cha waliougua ukoma, ugonjwa ambao mahali pengi ulihesabiwa kuwa laana. Robin Lamburn, padri wa Kianglikana kutoka Uingereza aliyefika Tanganyika mwaka 1930, alikwenda kuishi hapo katika miaka ya 1960, umri ambao wengine hustaafu, akabaki mpaka alipofariki mwaka 1993. Alikaa na wagonjwa katika wilaya ambayo wakazi wake wengi mno ni Waislamu. Kama aliridhika na Mungu, na naamini aliridhika, kuridhika huko kulionekana kwenye vidonda vilivyofungwa.

Inabaki tofauti moja ambayo siwezi kuilainisha. Iko hadithi ya Mtume inayomwelezea muflisi wa kweli: anakuja Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, alikula mali ya yule, alimwaga damu ya mwingine; mema yake yanagawiwa kwa aliowadhulumu, na yakiisha kabla deni halijaisha, madhambi yao anatwishwa yeye. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate aliijua vyema mizani hiyo. Katika Al-Inkishafi anaukemea moyo wake kwa magofu ya majumba ya matajiri, na sehemu hiyo ndiyo inayofundishwa sana. Lakini kuelekea mwisho anamsimamisha mdhulumiwa mbele ya Mola akidai haki yake, na malipo yanafanyika kwa namna hiyo hiyo. Mkristo anasikia hesabu hiyo na kusema kwamba yuko mmoja aliyelipa deni msalabani. Mwislamu anajibu kwamba hakuna mbebaji anayebeba mzigo wa mwingine. Hapo wawili hao hawakutani, na sioni heshima katika kujifanya wanakutana.

Ninachokiona ni kwamba hata Mkristo hana ruhusa ya kuutumia msalaba kumruka mjane. Katika Injili ya Luka, Zakayo mtoza ushuru anasimama na kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na baada ya hapo ndipo Yesu anatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Wazee wa Kimatumbi na Kindengereko waliotoza fidia na kuzikalisha koo mbili pamoja wasingeona jambo geni. Kwa hiyo mtu akija kwa padri wa Mchukwi, au kwa shehe wa Kibiti baada ya Isha, au kwa mzee wa ukoo wake, akasema hapati usingizi na anataka kumrudia Mungu, kila mmoja wao ana sala yake ya kumfundisha, na kila mmoja, kwa mapokeo yake mwenyewe, analazimika kumwuliza kwanza: wenye damu umewaendea?